Jinsi ya Kupima Tovuti ya Habari Ukiwa Kwa Njenga, Bila Kumaliza Bando

Mkazi wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, hana shida ya kukosa habari. Maji yanaweza kupotea wiki nzima, stima ya sambaza inaweza kuzimika katikati ya mechi, lakini habari hazikatiki. Kabla matatu haijafika Pipeline utakuwa umeshaambiwa kwamba waziri amefutwa, kwamba waziri hajafutwa, na kwamba waziri mwenyewe hajui. Kilichobaki ni kujua tovuti ipi ya kuaminiwa, na ipi imeegemea upande gani.

Wenzetu wa nchi za mbali wana chati za rangi za kupimia vyombo vya habari, huku vya kushoto, kule vya kulia. Chati hizo hazitufai. Ukiipa Mombasa Road mgongo, kushoto ni kwa Reuben na Viwandani, kulia ni Pipeline, na pande zote mbili unga ni bei ileile. Siasa yetu haina kushoto wala kulia. Ina mtu wetu na mtu wao. Mwongozo huu basi umeandaliwa kwa msomaji mwenye haraka, mwenye bando ya shilingi ishirini na mgombea anayempenda.

Hatua ya 1: Anza na jibu

Mpimaji stadi haanzi kwa kusoma. Kusoma kunakula bando. Tazama kichwa cha habari peke yake. Kikimsifu mtu wetu, tovuti haina upendeleo. Kikimkosoa, imenunuliwa. Kikimsifu aya ya kwanza na kumkosoa ya pili, hutajua, kwa sababu hukufika ya pili.

Usijione vibaya; taifa zima lina imani kubwa. Katika utafiti wa Reuters Institute wa mwaka 2024, asilimia 64 ya waliohojiwa nchini Kenya walisema wanaamini habari nyingi wanazopata, kiwango kilichotuweka karibu na kilele cha nchi zote zilizopimwa. Jambo moja dogo tu: utafiti huo ulifanyika mtandaoni, kwa Kiingereza. Muuza chapati wa Wapewape hakufikiwa. Yeye angewaambia kwamba anaamini habari asilimia mia moja, mradi iwe imetoka kwa dada yake.

Hatua ya 2: Kagua nembo, kisha ridhika

Ikiwa kuna nembo nyekundu na mtu aliyevaa tai, hiyo ni habari. Hivi ndivyo Wakenya walivyosomewa kura ya maoni muda mfupi kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017. Video mbili zilisambaa, moja ikiwa imevaa sura ya BBC, nyingine ya CNN, zote zikitangaza nani anaongoza. Mashirika yote mawili yalizikana. Kufikia hapo zilikuwa zimeshazunguka kila kundi la kanisa, la chama na la wazazi wa darasa la nne.

Mpimaji asiye na haraka angefanya jambo rahisi sana: angeiacha video ilipo, aende kwenye ukurasa wa chombo chenyewe aone kama ipo. Angesoma pia anwani ya tovuti herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda kuongeza kistari hapa na nukta pale, wakijua jicho la msomaji liko kwenye picha. Kazi hiyo huchukua dakika moja. Kwa bahati mbaya, dakika hiyo ndiyo ambayo mwenzako kwenye kundi angeitumia kukutangulia kutuma.

Upo pia mhuri mwekundu wenye neno FAKE, ambao ofisi za serikali yetu hupenda kuugonga juu ya habari zisizozipendeza. Uheshimu, lakini usiutegemee. Baadhi ya mambo yaliyogongwa mhuri huo yalikuja kutimia baadaye, hadi wajanja wa mtandaoni wakaanza kuuchukua kama uthibitisho.

Hatua ya 3: Usiulize ni ya nani

Hapa ndipo watu wetu hujisahau. Mtu wa Kwa Njenga hanunui chumba cha mabati kwa kuona rangi ya mlango. Anauliza aliyeuza mara ya kwanza ni nani, mzee wa kijiji anamtambua au la, jirani wa ukuta anasemaje, kuna kesi au hakuna. Anarudi jioni kuona kama maji yanaingia. Anarudi na shemeji yake, kisa shemeji haamini kirahisi. Mtu huyohuyo akiletewa habari kwamba nchi imeuzwa, anauliza swali moja tu: "Tuma link."

Kwa wanaosisitiza kujua, umiliki wa vyombo vyetu vikubwa si siri. Nation ilianzishwa na Aga Khan. Standard huhusishwa na familia ya Moi. Mediamax, yenye K24, People Daily na Kameme, huhusishwa na familia ya Kenyatta. Citizen na ndugu zake ni za S.K. Macharia. Marais wawili wa zamani, koo mbili, magazeti mawili. Ukisoma habari ya ardhi katika gazeti lolote, si vibaya kukumbuka ni nani anayo ardhi nyingi.

Hao angalau wanajulikana. Kazi kubwa iko kwenye tovuti zisizo na mwenyewe. Mwaka 2017 ilizuka tovuti iliyoitwa The Real Raila, na video ya kutisha iliyoonyesha Kenya ikiangamia iwapo Raila Odinga angechaguliwa. Haikuwa na jina la mhariri wala sanduku la posta. Desemba mwaka huohuo, shirika la Privacy International lilieleza kwamba iliundwa na Harris Media, kampuni ya Texas, Marekani. Kwa hivyo huenda uligombana na jirani yako wa mlango wa pili kwa sababu ya maneno yaliyotungwa na mtu asiyeweza kuionyesha Embakasi kwenye ramani.

Fungua basi ukurasa wa "Kutuhusu". Tafuta jina la mhariri, mahali ofisi ilipo, namba ya kupiga. Ukikuta tu "sisi ni jukwaa namba moja la habari motomoto", umeshajibiwa. Ukigundua mwenye tovuti ni mwanasiasa wa upande wenu, huo ni uwekezaji. Akiwa wa upande wao, hiyo ni propaganda. Kanuni hii haijawahi kumwangusha mtu.

Hatua ya 4: Fuata hela, lakini kwa mbali

Habari ni bure kwako kwa kuwa kuna aliyelipa. Mara nyingi mlipaji ni mtangazaji, na mmoja wa watangazaji wakubwa nchini ni serikali. Machi 2024, wizara inayosimamia habari iliagiza matangazo ya serikali ya redio na runinga yapelekwe KBC, shirika la serikali yenyewe. Vyombo vingine vikaachwa vikihesabu shilingi na kutafakari jinsi ya kukosoa kwa adabu.

Chini ya hapo kuna soko la reja reja. Mwaka 2021, watafiti Odanga Madung na Brian Obilo walichapisha kupitia Mozilla uchunguzi kuhusu vijana wanaolipwa kusukuma hashtegi za kuwachafua majaji na wanaharakati waliopinga BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba. Malipo yaliyotajwa yalikuwa dola 10 hadi 15 kwa kampeni, yaani elfu na kitu kwa hela ya wakati huo. Kijana aliyefika kwenye geti la kiwanda alfajiri akarudishwa kwa kukosa kibarua anaweza kumtetea mheshimiwa yeyote kwa kiasi hicho, na jioni amtukane huyohuyo kwa bei iyo hiyo. Kwa hivyo ukiona akaunti arobaini zimeamka saa mbili asubuhi na hasira moja, neno kwa neno, usidhani taifa limechukia. Kuna aliyetumiwa M-Pesa.

Tahadhari moja, na hii si mzaha. Kuegemea upande na kusema uongo ni mambo mawili tofauti. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia Standard na KTN, wakachoma magazeti kwenye kiwanda cha uchapishaji cha Barabara ya Likoni, hapa Industrial Area. Waziri John Michuki alitoa onyo kwamba ukimchokoza nyoka uwe tayari kuumwa. Gazeti lilikuwa na mwenyewe mwenye siasa zake, kila mtu alijua. Lakini moto ni moto, na aliyeripoti kwamba magazeti yamechomwa hakuwa amedanganya kwa sababu ya jina la mwajiri wake. Chombo kinaweza kukupendelea na kukudanganya. Kingine kinaweza kukuchukia na kukuambia kweli. Pima mara mbili, kila kitu na mizani yake.

Hatua ya 5: Soma habari moja mara tatu (kwa wenye Wi-Fi ya jirani)

Chukua habari unayoijua kwa macho yako. Kwa sisi, mfano uko tayari: ubomoaji wa Oktoba na Novemba 2021. Tingatinga ziliingia kupisha barabara ya Catherine Ndereba, zikaendelea kula mabati mbali na njia ya barabara. Makadirio yaliyorudiwa sana yalikuwa kwamba watu wapatao 40,000 walibaki bila makao. Desemba, wakazi waliokuwa wamepiga mahema juu ya vifusi wakakabiliana na polisi, na watu wakauawa.

Sasa chukua kalamu, ufungue ripoti tatu za tukio hilo. Usitafute matusi wala sifa. Vyombo vyenye ujuzi haviandiki hivyo. Hesabu nani anazungumza katika aya ya kwanza, nani amewekwa aya ya tisa, na nani hazungumzi kabisa. Kuna ripoti ambayo ofisa anazungumza mara nne na mama mwenye watoto anatumika kama picha. Kuna nyingine ambayo mama analia kuanzia mwanzo hadi mwisho lakini hakuna mtu aliyeiuliza serikali ilitoa notisi lini. Ya tatu inataja kampuni inayodai ardhi, inataja kesi zilizodumu miaka mingi, na inakumbuka kwamba mwaka 2017 kaunti ya Nairobi ilikuwa imeitangaza Mukuru kuwa eneo la upangaji maalumu, jambo lililopaswa kuzuia vurugu kama hizo. Hiyo ya tatu ni ndefu, haina video, na ndiyo uliyoiruka.

Rudia zoezi hilo na habari ya furaha. Mei 2025, Rais William Ruto alikabidhi funguo za nyumba 1,080 za mradi wa New Mukuru. Tovuti moja itakuonyesha mama akibusu ufunguo. Nyingine itakuonyesha aliyekosa. Mama ni wa kweli na aliyekosa ni wa kweli. Uliza ipi kati yao ilieleza orodha ya waliopewa nyumba ilitayarishwa vipi, malipo ya kila mwezi ni kiasi gani, na nini kitatokea kwa asiyeweza kulipa. Kama zote mbili zimenyamaza, zimeegemea pande tofauti za uvivu uleule.

Hatua ya 6: Kipimo cha siku tulivu

Hiki hukipati kwenye chati za wazungu. Nenda kwenye sehemu ya kutafuta ya tovuti, andika "Mukuru", kisha utazame kinachotoka. Moto. Mafuriko. Ubomoaji. Miili iliyopatikana kwenye timbo la Kware, Julai 2024. Mheshimiwa akigawa blanketi. Moto tena.

Kama hayo ndiyo yote, tovuti hiyo huenda haijawahi kukudanganya hata mara moja, na bado imekupotosha. Imemfundisha msomaji wa Karen kwamba Kwa Njenga ni mahali pa kufia, na imemfundisha mkazi wa Kwa Njenga kwamba ili aulizwe maoni lazima kwanza aunguliwe. Bei ya mtungi wa maji, karo ya shule za binafsi za mabati, zahanati isiyo na dawa, hayo hayana moshi, kwa hivyo hayana kamera. Ajabu ni kwamba mitambo ya kuchapa magazeti makubwa ya nchi hii iko pale Mombasa Road na Industrial Area, umbali wa kutembea kwa mguu. Karatasi inatoka jirani, habari inatoka mbali, na jioni karatasi inarudi imefunga mandazi.

Linganisha magazeti hayo na redio ya jamii kama Ruben FM pale kwa Reuben. Vifaa vyake si vya kutisha na sauti yake haifiki mbali. Lakini mtangazaji akisema uongo kuhusu mtaro wako, atakutana nawe njiani akienda kununua mboga. Hakuna baraza la kusikiliza malalamiko lenye nguvu kuliko hilo, ingawa kwa walio mbali lipo Baraza la Vyombo vya Habari, lililowekwa na sheria ya mwaka 2013, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kupeleka lalamiko.

Hatua ya 7: Usiangalie tarehe

Picha nzuri haizeeki. Masika yanapofika, mafuriko ya nchi nyingine huhamia kwetu yakiwa na maelezo ya Kiswahili. Unaweza kuitafuta picha kwa Google uone ilianza kuonekana lini. Unaweza pia kupitia kurasa za PesaCheck, Africa Check au Piga Firimbi, ambao kazi yao ni kukagua madai ya namna hii. Lakini ukifanya hivyo utakuwa wa mwisho kushtuka, na kwenye kundi wa mwisho kushtuka huonekana hajali.

Kwa haki ya msomaji, kuna siku serikali yenyewe humfukuza kwenye habari zenye mwenyewe. Tarehe 30 Januari 2018 runinga kubwa zilizimwa kwa kuonyesha kiapo cha Raila Uhuru Park, na zingine zikakaa gizani zaidi ya wiki. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome, mitambo ikazimwa, hadi Mahakama Kuu ilipoingilia. Ukimzimia mtu runinga, hajaacha kutaka kujua. Anahamia kwenye simu, ambako kila mwenye kidole ni stesheni. Kisha wanaozima ndio wa kwanza kulalamika kwamba uvumi umezidi.

Hatua ya 8: Sambaza, kisha uthibitishe

Hatua hii imeboreshwa na wataalamu wa hapa mtaani. Tuma habari kwa makundi yote ukiongeza maneno haya: "Kuna mtu anaweza kuthibitisha?" Kwa njia hiyo umeieneza na kujitoa lawamani kwa pumzi moja.

Mfano wa mtu asiyefuata mwongozo ni mama mmoja mwenye tawa la chapati karibu na Sisal. Kijana wa boda alisimama mbele yake, simu mkononi, injini bado inanguruma.

"Mathe, umeona? Wanabomoa kesho saa kumi."

"Nani amesema?"

"Iko kwa simu."

"Simu ya nani?"

"Ni ya group."

"Hiyo group inakaa plot gani?"

Kijana akacheka. Mama hakucheka. "Kijana yangu, nimekanda unga kilo nne. Nikihama sababu ya group, group itakuja kununua hizi?" Akapangusa mikono kwa leso, akampigia mwenzake anayeuza chai karibu na kwa chifu. Akauliza kama kuna tingatinga, kama kuna askari, kama kuna karatasi iliyobandikwa. Mwenzake akajibu kwamba kuna mkutano wa vitambulisho, basi. Mama akageuza chapati.

Katika muda wa chapati moja alikuwa ameuliza chanzo, ametafuta shahidi aliye mahali penyewe asiye na faida yoyote katika jambo hilo, na amedai hati. Vyumba vya habari vyenye kiyoyozi hulipa watu mishahara kwa kazi hiyo. Hakuna mtu wa Kwa Njenga asiyeijua. Tunaitumia kwenye mabati, kwenye chama, kwenye mchumba wa binti. Tunaiweka kando mara tu habari inapomtaja mtu wetu, maana hapo hatutaki kujua, tunataka kushangilia.

Hatua ya 9: Ukikosea

Ikibainika uliyosambaza ni uongo, usieleze wala usiombe radhi. Bonyeza, ufute. Kundi litaona tu "ujumbe huu umefutwa", na hayo ndiyo masahihisho mafupi zaidi katika historia ya uandishi wa habari.

Tovuti nyingi hufanya vivyo hivyo: habari ilikuwepo asubuhi, mchana ukurasa haupatikani. Tafuta zile chache zinazobandika masahihisho chini ya habari yenyewe, kwa tarehe, zikitaja nini kilikosewa. Ukiipata moja, ihifadhi hata kama haiwezi kumvumilia mgombea wako. Na ile inayompenda sana, ambayo haijawahi kukosea tangu ianzishwe, ifute ubaki na nafasi ya picha za watoto.